Dawa ya Moshi wa Dizeli Isiwe ya Watu wa Nje Tu



Katika shedi zetu moshi wa dizeli umekuwa kama jamaa wa nyumbani. Twaingia nao kazini, twala nao chakula cha mchana, na jioni twarudi nao ndani ya nguo, hata wake zetu hutujua kwa harufu kabla hatujabisha hodi. Leo twataka kusema juu ya sehemu moja tu ya moshi huo, ile isiyoonekana kwa macho, na juu ya dawa yake ambayo wataalamu wa nchi nyingine wameipata. Dawa hiyo ni ya kweli. Tumezisoma habari zake kwa bidii kadiri ya elimu tuliyoipata kwa walimu wa misheni, na palipokuwa pagumu tuliwauliza waliotupita kwa masomo. Lakini kwa namna tunavyoiona sisi, dawa hiyo yaweza kusafisha hewa ya mji mzima na kumwacha fundi wa shedi pale pale alipokuwa. Ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Watu wengi wakisikia neno moshi hufikiri ule mweusi. Masizi ni mabaya, hatuna ubishi, na tutayarudia. Lakini kuna jambo jingine. Katika hewa tunayovuta, karibu sehemu nne katika tano ni naitrojeni, gesi pole ambayo haimdhuru mtu wala haishiki moto. Ndani ya silinda ya injini joto la mwali hupita digrii 2,000, na katika joto hilo upole wake huisha. Naitrojeni hushikana na oksijeni ya hewa ile ile, zikazaa gesi ziitwazo oksidi za naitrojeni. Kubwa kati yake ni mbili. Ya kwanza ni naitriki oksidi, haina rangi. Hiyo ikikaa katika hewa hugeuka kuwa ya pili, naitrojeni dayoksidi, yenye rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma pua. Angalieni vizuri, kwa maana kuna hila hapa: gesi hizi karibu zote hazitoki katika mafuta, zatoka katika hewa. Hata tajiri akinunua dizeli safi kama maji ya kisima, zitazaliwa tu. Tena injini ikichoma vizuri kwa joto kali, masizi hupungua na gesi hizi huzidi. Kwa hiyo fundi akisifiwa kwamba injini yake haitoi weusi wowote bombani, asidhani mambo ya mapafu yamekwisha.

Dayoksidi hii haiyeyuki upesi katika maji, na kwa hivyo haikamatwi puani wala kooni. Hushuka mpaka chini kabisa mapafuni. Mtu aliyevuta nyingi kwa mara moja aweza kujiona mzima, akapanda matatu akaenda zake, na saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Anayevuta kidogo kidogo siku nenda siku rudi, hiyo huchokoza pumu na kuyafanya mapafu yashikwe na magonjwa kwa wepesi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 lilishauri kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 40 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 likaishusha hesabu hiyo mpaka 10. Mabwana wale hawashushi hesabu namna hiyo kwa kupenda tu kuandika upya.

Juu ya moshi wa dizeli wote kwa jumla, masizi na gesi pamoja, shirika la kimataifa la kuchunguza saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilitoa neno lake mwezi wa Juni mwaka 2012: huleta saratani kwa binadamu. Halikusema labda. Na moja ya habari zilizokuwa mezani kwao ilitoka kwa watu wa kazi yetu. Huko Marekani wachunguzi walifuata wafanyakazi wa reli 54,973 kutoka mwaka 1959 mpaka 1996, wakahesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Wale waliofanya kazi juu ya treni za dizeli walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wenzao wasiokaa karibu na moshi, kwa kadiri ya 40 katika mia. Watu 54,973! Kati ya hao walikuwamo madereva, makondakta na mabrekimani, watu wenye filimbi na taa kama sisi.

Sasa twende kwenye dawa yenyewe.

Kuna jamii ya mawe iitwayo zeolaiti. Jina hilo alilitunga Mswidi mmoja, Cronstedt, mwaka 1756, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya jiwe linalochemka, maana alipolichoma aliona linatoa mvuke kana kwamba lina sufuria ndani yake. Na kweli ndani yake mna nafasi. Limejengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni, lakini halikujengwa kama tofali lililoshiba. Limejengwa kama jumba la vyumba vingi, vyote vya kipimo kimoja, na kila chumba kina milango. Katika aina inayotumiwa kwa injini za dizeli, mlango ni mdogo hivi kwamba ukiipanga bega kwa bega utahitaji zaidi ya milioni mbili na nusu kujaza milimita moja. Gramu moja tu ya unga wake, ukihesabu kuta zote za ndani, ina eneo la mamia ya mita za mraba. Wafanyakazi tunaoishi familia nzima katika chumba kimoja tutaelewa ajabu ya nafasi hiyo.

Zeolaiti si kitu kigeni kwetu. Wenzetu wanaopeleka mabehewa ya magadi kutoka Magadi mpaka Konza wapita karibu nazo kila safari, kwa sababu wachunguzi wa mawe wamezikuta katika udongo wa zamani wa ziwa lile. Lakini mtu asiende na jembe. Moja ya zile za Magadi ni aina iitwayo erionaiti, ambayo hutokea kama nyuzi, na vumbi la nyuzi hizo huleta saratani ya ngozi inayofunika mapafu. Kuna vijiji Uturuki ambako watu waliishi katika nyumba za mawe yenye erionaiti, na ugonjwa huo ukawamaliza nyumba kwa nyumba. Zile za injini ni nyingine. Hupikwa kiwandani, tena kwa kipimo.

Jiwe peke yake halitoshi. Ndani ya vyumba vile hutiwa chembe za madini, chuma au shaba, nazo hukaa moja moja ukutani. Hapo jiwe hugeuka kuwa kichocheo. Kichocheo ni kitu gani? Sisi wa huku tuna mshenga. Mshenga huenda nyumba hii akaenda na nyumba ile, hukutanisha watu wasiojuana, mahari ikatoka, arusi ikafanyika, na yeye mwenyewe haoi wala haolewi. Kesho yuko katika shughuli ya watu wengine. Kichocheo ndivyo kilivyo. Bwana arusi hapa ni ile naitriki oksidi. Bibi arusi ni amonia, gesi ile ya kutoa machozi. Zikikutana juu ya shaba katika moshi wa moto, chembe nne za naitriki oksidi, nne za amonia na moja ya oksijeni huzaa chembe nne za naitrojeni na sita za maji. Yaani sumu inarudi kuwa hewa ile pole tuliyoanza nayo, pamoja na mvuke wa birika. Magari ya petroli yana kichocheo cha namna nyingine kisichohitaji amonia, lakini hicho hakifai kwa kazi hii katika dizeli, kwa sababu moshi wa dizeli hubaki na oksijeni nyingi inayokiharibia shughuli.

Wezi wa shaba wanaotukatia nyaya za mawasiliano wasijisumbue. Shaba iliyomo ni asilimia mbili au tatu hivi ya uzito wa unga wenyewe, na imekaa chembe moja moja. Hakuna mnunuzi wa vyuma vikuukuu atakayeipima.

Kazi hii haikupatikana kwa siku moja. Wajapani walikuwa wa mbele tangu miaka ya 1970 kutumia amonia kusafisha moshi wa vituo vya stima, lakini kichocheo chao kilikuwa cha vanadi, na vanadi haipendi joto kali sana. Mwaka 1986 Mjapani Iwamoto na wenzake walitangaza kwamba shaba ndani ya zeolaiti moja yenye milango ya wastani iliweza kuivunja naitriki oksidi. Watu wakashangilia, wakajaribu kila mahali. Lakini zeolaiti ile ilipopata mvuke wa moto wa injini kwa siku nyingi, alumini iling'oka ukutani na jumba likaharibika. Dawa ikawa ya maabara, si ya barabara. Ni baadaye, kuelekea mwaka 2010, ndipo viwanda vilipoleta sokoni shaba katika jamii ya chabazaiti, zeolaiti yenye vyumba vizuri lakini milango midogo. Milango hiyo ndiyo siri yake. Mafuta yasiyoungua hayawezi kuingia kuziba vyumba, na alumini ikilegea haipati njia rahisi ya kutoka, hivyo jumba husimama. Wataalamu huijaribu kwa kuipika katika mvuke kwa digrii 800, saa 16 mfululizo, na bado hufanya kazi.

Kuna jambo jingine lililotufurahisha mno. Mwaka 2017 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Purdue na Notre Dame, pamoja na wenzao, walionyesha ya kwamba katika joto la chini chembe moja ya shaba peke yake haiwezi kuimaliza kazi. Amonia huishika shaba, ikaibandua ukutani, nayo ikapita mlangoni kwenda chumba cha jirani ikakutana na ya pili. Zikiwa mbili ndipo zinapoweza kuishika oksijeni, na kazi ikaendelea. Wale wanaochelewa kulipa ada ya chama watafute wenyewe maana ya habari hiyo.

Wako watu wasemao kwamba mambo haya ni ya malori na magari madogo, injini ya treni haiwezi. Si kweli. Marekani waliweka sheria ya injini mpya za reli kuanzia mwaka 2015: oksidi za naitrojeni zisizidi gramu 1.3 kwa nguvu ya farasi mmoja kwa saa moja, na hapo zamani kabla ya sheria zilikuwa zikitoa mara kumi ya hiyo. Twapenda kusema ukweli wote: injini kubwa za mizigo za kule zilifikia kipimo hicho bila amonia, kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kuupoza moto. Lakini injini za abiria za Siemens ziitwazo Charger, zilizoanza kazi kule mwaka 2017, hupuliza dawa ya urea na kupitisha moshi katika kichocheo. Kwa hiyo njia zote mbili zipo, na zote zavuta treni. Anayesema haiwezekani anataka kusema haijalipiwa.

Basi shida yetu iko wapi? Iko katika baridi.

Amonia haibebwi kwa chupa juu ya injini, ni hatari. Hubebwa urea, ile ile ya mbolea na ile ile iliyomo katika mkojo wa mtu, imeyeyushwa katika maji safi kwa kiasi cha asilimia 32.5. Hupulizwa katika bomba la moshi, na joto la moshi huigeuza kuwa amonia. Lakini lazima moshi uwe na moto wa kutosha. Chini ya digrii 200 hivi urea haigeuki vizuri, huganda bombani kama ukoko wa ugali, na kwa hiyo kompyuta ya injini huizuia isipulizwe. Shaba nayo huanza kuchangamka karibu na joto hilo hilo. Chuma huchelewa zaidi, ingawa kwenye moto mkali hufanya vizuri sana. Injini ikivuta mzigo kupanda kutoka pwani, moshi una moto wa kutosha na dawa yafanya kazi barabara. Injini ikisimama shedini inanguruma bure, moshi wake hauifikii digrii hiyo, na dawa imelala.

Na sisi twakaa wapi? Twakaa shedini.

Twaijua shedi moja ambamo injini huachwa zikinguruma tangu asubuhi mpaka saa za chakula, kwa sababu betri ni dhaifu na hakuna anayetaka kuwa yule aliyeizima ikakataa kuwaka. Paa lina matundu ya kutolea moshi yaliyojengwa zamani kwa injini nyingine, na injini za leo hazisimami chini yake. Mwenzetu aliye ndani ya shimo la ukaguzi huvuta kila kinachoshuka. Ni kweli ya kwamba injini inayonguruma bure hutoa gesi kidogo kuliko inayovuta mzigo. Lakini ile ya njiani hupeperushiwa mbali na upepo, na hii ya shedini hukusanyika chini ya bati. Leteni kichocheo kizuri kuliko vyote duniani mkifunge juu ya injini hiyo, na mtu wa shimoni hatapata nafuu yoyote mpaka injini itoke nje ikapate moto. Hata masizi hayamwondokei, kwa maana kichocheo cha zeolaiti hakishughuliki na masizi. Hayo yana chujio lake mbali.

Hatusemi haya ili dawa ikataliwe. Watoto wetu wanakaa kando ya njia ya reli, nao wana mapafu. Twasema ili siku wakubwa watakapokuja na picha nzuri za injini mpya, na kutuambia kwamba habari ya moshi imekwisha, mjumbe wetu ajue la kuuliza. Aulize: injini hizi zikiwa baridi, zinasafisha nini? Aulize tena: mtambo wa kuwasha na kuzima wenyewe umo, ili injini isingurume bure? Kuna plagi ya stima shedini ya kupasha moto maji ya injini na kuchaji betri huku imezimwa? Kuna feni na bomba la kunyonya moshi linaloshikana na ekzosi mpaka nje ya paa? Mambo haya si ya chuo kikuu. Feni ni feni. Bei yake ukiilinganisha na ya injini moja ni kama bei ya kofia kando ya bei ya nyumba.

Kuna habari ya mafuta pia. Shaba ndani ya zeolaiti haipendi salfa. Salfa ikiwa nyingi katika dizeli, huishika shaba na kuilaza, na kuiamsha tena kwahitaji kuipasha moto kwa zaidi ya digrii 500. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari mwaka 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hilo lilikuwa jema, maana zamani ilikuwa mara nyingi ya hiyo. Lakini Marekani walikwisha kuweka 15 tangu mwaka 2006, na Ulaya 10 tangu mwaka 2009, na vichocheo hivi vilitengenezwa kwa mafuta ya namna hiyo. Anayenunua injini bila kwanza kuuliza tangi litajazwa nini ananunua pambo.

Na urea? Kila mkulima anaijua, na tunaona kwa mbali mtu fulani akisema, ya nini kununua ya bei ghali na gunia liko ghalani. Asifanye hivyo. Mbolea ya shamba ina uchafu mdogo mdogo usiodhuru mahindi, lakini huziba bomba la kupulizia na kuharibu kichocheo. Urea ya injini ni safi kwa kipimo cha kimataifa, na huliwa lita mbili mpaka tano kwa kila lita 100 za dizeli. Tena ikikosekana ni balaa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 China ilibana urea isitoke nje, na kufikia Novemba Korea ya Kusini, iliyokuwa ikiinunua karibu yote kutoka huko, ilikuwa na malori yanayotafuta dawa hiyo mji hata mji, kwa maana lori likiishiwa hupunguza nguvu au hukataa kuwaka. Basi siku treni ya abiria itakapokataa kuwaka kwa kukosa urea, nani ataandikiwa barua ya kujieleza? Tunamjua. Ni dereva. Jambo hili liandikwe mapema katika mapatano, nani ana kazi ya kuhakikisha ghala lina urea, na mtu huyo asiwe mwenye kushika usukani wala mwenye kushika spana.

Jaribu la kuizima dawa nalo lipo, na halikuanza na maskini. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 ilijulikana ya kwamba Volkswagen, kampuni yenye jina kubwa, ilitia katika magari yake ya dizeli programu ya kompyuta iliyotambua wakati gari linapopimwa. Likipimwa lilikuwa safi kama mtoto wa ubatizo. Likirudi barabarani lilitoa oksidi za naitrojeni mpaka mara 40 ya kipimo cha Marekani. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Tumelitaja kwa sababu ya sisi mafundi. Ikija amri ya mdomo, usiku, bila karatasi, kwamba mtambo wa dawa uzimwe ili injini itoke kwa wakati, fundi aombe karatasi yenye sahihi. Asipopewa, amwite mjumbe wa chama kabla ya kugusa waya. Kule nako walioshitakiwa hawakuwa wakubwa peke yao, na mainjinia walifungwa.

Tunajua jibu la wengine: haya yote ya nini, wekeni treni za stima. Twakubali kwa moyo wote. Ethiopia walifungua reli yao ya stima ya kwenda Djibouti mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2024 wakaanza kupeleka abiria kwa stima kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Reli yetu mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 ikiwa ya dizeli. Nguzo na nyaya za kilomita zaidi ya 450 hazisimami kwa mwaka mmoja, na injini ya dizeli iliyonunuliwa huishi miaka 30 au zaidi, mara nyingi ikizidi umri wa kazi wa mtu aliyeipokea ikiwa mpya. Atakayeingia kazini mwaka huu akiwa kijana huenda akastaafu nayo. Kwa hiyo hesabu ya mapafu haiwezi kungoja nyaya.

Lililo rahisi kuliko yote ni kupima. Vipo vyombo vidogo vinavyofungwa kifuani, vikamwonyesha mtu gesi aliyoivuta zamu nzima. Umoja wa Ulaya umeweka kwamba mfanyakazi asivute naitrojeni dayoksidi zaidi ya nusu ya sehemu moja katika milioni kwa zamu ya saa nane. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi aangalie hatari zilizopo mahali pa kazi, na inataka kuwe na kamati ya usalama palipo na watu 20 au zaidi, wafanyakazi wakiwa ndani yake. Twaomba wajumbe wetu katika kamati hizo walete ombi moja: gesi ipimwe shimoni, injini ikinguruma bure, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku wa mvua. Isipimwe uani saa nne asubuhi upepo ukivuma. Na karatasi ya majibu ibandikwe ubaoni, mahali karatasi za zamu zinapobandikwa.

Wenzetu wa zamu ya usiku wameuliza kama barakoa ya kitambaa, au ile nyeupe ya karatasi ngumu, inazuia gesi hii. Haizuii. Ile ya kitambaa hupunguza vumbi kubwa, ile nyeupe hushika vumbi na masizi, lakini gesi hupita zote mbili kama maji katika chekecheo. Mtu akisikia kifua kinabana au kikohozi kinazidi saa kadhaa baada ya kutoka zamu, asilale akingoja asubuhi. Aende hospitali usiku huo huo, na amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa ndani na injini ya dizeli inayonguruma, na kwa saa ngapi.